Posti elfu sita na makala nne

Jioni moja niliomba kumbukumbu zote za akaunti yangu ya posti fupi. Si kazi kubwa: unaingia kwenye mipangilio, unabonyeza, unasubiri siku moja au mbili, kisha unaletewa faili la zipu lenye kila ulichowahi kusema tangu ujiunge. Nililifungua kwa hamu ya mtu aliyeokota sanduku la barua za zamani uvunguni. Hamu yenyewe ilidumu kama dakika kumi.

Kwa mwaka 2014 peke yake nilikuwa nimeposti mara elfu sita na ushei. Mwaka huohuo blogu yangu, ile ambayo kila nikiulizwa ninafanya nini naitaja kifua mbele, ilipata makala nne. Na moja kati ya hizo nne ilikuwa ya kuwaomba radhi wasomaji kwa ukimya.

Nikajipa moyo kwamba labda zile elfu sita ndizo zilizobeba uandishi wenyewe. Nikaanza kuzisoma. "Kabisa mkuu." "Hahaha, umeua." "Nani kakwambia?" "Hapo sasa!" Kurasa kwa kurasa za majibu niliyowapa watu ambao sikumbuki tulikuwa tunabishania nini. Wengine hata akaunti zao hazipo tena, kwa hiyo naonekana kama mtu anayecheka peke yake barabarani. Lakini humo humo, mojamoja, zilikuwemo sentensi zilizonifanya nisimame. Moja ilihusu watu wanaochangia habari kwa kusoma kichwa chake tu. Nyingine ilihusu namna simu ilivyotuondolea ufundi wa kuagana, maana siku hizi mazungumzo hayaishi, yanakatika tu. Kila moja ilikuwa imepata laiki zake saba, nane, ikazama chini ya vicheko.

Nilizihesabu: 41. Nikazinakili kwenye faili moja nililoliita "Mbegu". Kuanzia hapo nikabadili namna ninavyozitumia hizi blogu ndogo, yaani mitandao ya posti fupi. Sikuziacha, kwa sababu nazipenda, na ndizo zilizonifundisha kuandika sentensi isiyozunguka mbuyu. Nilichobadili ni utaratibu: kipi kinatangulia, kipi kinafuata, na maneno yangu yanalala wapi usiku.

Salamu za mwenyekiti wa kikao

Tuanze na ufupi wenyewe, kwa kuwa hapo ndipo wanablogu wengi tunapokwama. Umezoea kuandika maneno elfu moja, ghafla unaambiwa useme kwa pumzi moja.

Kikomo kile maarufu cha herufi 140 hakikutokana na falsafa yoyote ya uandishi. Twitter ilipoanza mwaka 2006 ilitegemea ujumbe wa simu, na SMS moja mwisho wake ni herufi 160. Wakatenga 20 kwa ajili ya jina la mtumaji, zikabaki 140. Novemba 2017 kikomo kikapandishwa hadi 280. Kwenye mitandao mingine ya posti fupi mambo ni tofauti: Bluesky ni 300. Threads inakupa 500, na Mastodon nayo kwa kawaida ni 500, ingawa mwenye seva anaweza kuongeza akitaka.

Mimi nilikuwa miongoni mwa walionung'unika 280 zilipokuja. Niliona utamu umekwisha. Baadaye nikagundua kwamba nilichokuwa nakiogopa ni tabia yangu mwenyewe: nilipopewa nafasi zaidi, sikuongeza wazo, nilirudisha salamu.

Kiswahili kwa asili si lugha ya kupoteza nafasi. Chukua neno moja, "sitawaambia". Lina herufi 11, na ndani yake tayari kuna mtenda, kukanusha, wakati ujao, watendwa na kitendo. Kinachotumalizia nafasi ni mbwembwe za majukwaani tunazozibeba mpaka kwenye simu: "napenda kuchukua fursa hii", "kama sote tunavyofahamu", "ni ukweli usiopingika kwamba". Haya naita maneno ya mwenyekiti wa kikao. Mwenyekiti anayahitaji kwa sababu anasubiri watu wakae vitini. Msomaji wa posti fupi hakai. Anapita huku kidole chake kikisukuma juu.

Zamani nikimaliza makala nilitangaza hivi: "Habari za muda huu wapendwa wafuasi wangu, napenda kuwajulisha kuwa nimeandika makala mpya kuhusu utunzaji wa picha za kidijitali, karibuni mkaisome na kutoa maoni." Siku hizi makala hiyo hiyo ningeitangaza hivi: "Picha zako za miaka kumi zimo kwenye simu moja. Simu ikidondoka majini, unabaki na nini? Zangu nilizinusuru hivi:" kisha kiungo. Ya kwanza inazungumzia makala yangu. Ya pili inamzungumzia yeye na simu yake, na asipofungua kiungo bado ameondoka na swali.

Njia yangu ya kupunguza ni ya kishamba lakini inafanya kazi. Naandika bila kuhesabu. Kisha nafuta sentensi ya kwanza nzima, bila huruma, na kutazama kama kilichobaki kinasimama. Mara nyingi kinasimama, maana sentensi ya kwanza huwa nilikuwa nakohoa tu kabla ya kusema. Halafu natafuta "sana", "kabisa", "kiukweli" na "yaani". Hizo nne zikiondoka, posti inapumua.

Nina ukale mmoja ninaoukiri. Hadi leo najaribu kuacha herufi ishirini hivi bila kuzijaza. Sababu yake imeshakufa. Zamani kabla ya kitufe cha kuritwiti, yaani kusambaza posti ya mtu mwingine, kuletwa mwaka 2009, watu walinakili maneno yako kwa mkono, wakaanzia na RT na jina lako mbele, na kama hukuwaachia nafasi walilazimika kukukata mkia. Leo hakuna anayehitaji nafasi hiyo, ila nimegundua kwamba posti ninazoziandika kwa kumwachia mtu mwingine nafasi ndizo zinazotoka vizuri.

Sasa suala la kibodi, ambalo halisemwi vya kutosha. Kama simu yako inajisahihishia maneno kwa Kiingereza, siku moja itakuaibisha. Mimi nilimtumia pole mtu aliyefiwa, hadharani, mbele ya wafuasi wake na wangu. Nilichoandika ni "pole sana". Kilichotoka ni "pole Santa". Niliona baada ya dakika ishirini, watu watatu wakiwa wameshapiga picha ya skrini. Nenda kwenye mipangilio ya kibodi, ama uongeze Kiswahili, ama uzime kabisa huko kujisahihisha. Usitegemee kitufe cha kuhariri, kwani si kila mahali kipo. Mastodon wanaruhusu kuhariri na kila mtu anaona matoleo yaliyotangulia; kwenye Twitter kililetwa mwaka 2022, tena kwa wanaolipia tu. Tena hata palipo na kitufe, picha ya skrini haihaririki.

Zana nilizozipenda na zilivyoondoka

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo nilipopoteza muda na maneno mengi zaidi.

Ukichunguza, karibu kila kitu kizuri katika posti fupi kilibuniwa na watumiaji au watu wa nje, si wenye mtandao. Alama ya @ kabla ya jina la mtu unayemjibu ilianza kama desturi ya watu tu. Kuritwiti hivyo hivyo. Alama ya reli (#) ilipendekezwa na Chris Messina tarehe 23 Agosti 2007, katika posti ya mstari mmoja akiuliza watu wanaonaje wakiitumia kukusanya mazungumzo ya kundi moja. Hata yule ndege, kabla hajawa nembo ya Twitter, alikuwa kwenye Twitterrific, programu iliyotengenezwa na kampuni nyingine ndogo. TweetDeck, iliyotupa safu nyingi kwenye skrini moja, aliitengeneza Iain Dodsworth mwaka 2008; Twitter waliinunua mwaka 2011, na mwaka 2023 ikabadilishwa jina na kuwa ya kulipia. Januari ya mwaka huohuo, Twitterrific, Tweetbot na programu nyingine za nje za kusomea Twitter zilifungiwa mlango. Jina Twitter lenyewe likabadilishwa kuwa X mwezi Julai.

Na kabla ya hao kuna makaburi mengine. Pownce, mtandao mwingine wa posti fupi, ilifungwa Desemba 2008, haijafikisha hata miaka miwili. Jaiku, wa aina hiyo hiyo, ilinunuliwa na Google mwaka 2007, ikazimwa mwaka 2012. Google Reader, ambamo nilikuwa nikisoma blogu za wenzangu kila asubuhi, ilizimwa tarehe 1 Julai 2013. Siku hiyo wanablogu wengi tulihamishia usomaji wetu kwenye posti fupi bila kujua kwamba tunahama. Nadhani ndiyo iliyozaa ule mwaka wangu wa makala nne.

Kwa hiyo swali langu la kwanza kwa zana yoyote si "inafanya nini?" bali "nikitaka kuondoka, naondoka na nini?" Kabla sijaposti mara kumi natafuta kitufe cha kupakua kumbukumbu. Kama hakipo, natumia zana hiyo kwa mambo ya kupita tu. Kama kipo, nimeweka kikumbusho kwenye simu: kila baada ya miezi mitatu napakua kila kitu na kukihifadhi sehemu mbili. Usidhani kuna mtu mwingine anakutunzia. Maktaba ya Bunge la Marekani ilitangaza mwaka 2010 kwamba itahifadhi twiti zote za hadharani. Kuanzia 1 Januari 2018 ikaacha, ikabaki kuchagua chache tu. Kama maktaba ile imeshindwa kubeba mzigo, wewe na mimi tubebe wa kwetu.

Kosa langu kubwa zaidi lilikuwa viungo vilivyofupishwa. Enzi za herufi 140, anwani ndefu ya makala ilikula posti nzima, kwa hiyo tulitumia vifupisho. Nilikuwa na kimoja nilichokipenda kwa sababu kilinionyesha ni watu wangapi wamebonyeza. Nikanogewa, nikaanza kukitumia hata ndani ya blogu yangu, mahali ambapo hakuna aliyenihesabia herufi. Miaka ikapita, kifupisho kikafungwa. Viungo zaidi ya mia mbili ndani ya makala zangu vikawa milango ya nyumba iliyobomolewa: unabisha, hakuna mtu, na huwezi hata kujua palikuwa kwa nani, kwa sababu kiungo kilichofupishwa hakisemi kinakwenda wapi. Nilitumia majuma matatu kutafuta kila kimoja. Sitini na kitu sikuvipata kabisa.

Leo huna sababu ya kufupisha. Kwenye X kila kiungo, kiwe kirefu au kifupi, kinahesabiwa kuwa herufi 23, na Mastodon wanahesabu vivyo hivyo. Weka anwani kamili. Msomaji ataona anakopelekwa, na wewe mwenyewe miaka kumi ijayo utajua ulikuwa unasema kuhusu nini.

Dada wa kosa hilo ni kupachika posti za watu ndani ya makala. Inapendeza: posti inakaa na picha ya mwenyewe na kila kitu. Kisha mwenyewe anafuta akaunti, au anaifunga isionekane na kila mtu, na makala yako inabaki na shimo, wewe ukiendelea chini yake kusema "kama anavyoeleza vizuri hapo juu". Hapo juu hakuna kitu. Siku hizi nikipachika, naandika pia maneno yenyewe, jina analotumia na tarehe, kama nukuu ya kawaida. Kama ni mtu binafsi aliyesema jambo lake la nyumbani, namwomba ruhusa kwanza. Akikataa, basi. Kusema hadharani kwa wafuasi tisini si sawa na kuwekwa kwenye makala.

Halafu kuna posti za kupangiwa saa. Zana ya kupanga ni tamu mno: Jumapili unakaa, unaandika posti kumi na nne, unazipangia siku na saa, juma zima unaonekana mchapakazi. Nilifanya hivyo kwa miezi kadhaa. Siku moja kukatokea msiba mkubwa, mtandao mzima ukawa na watu wanaotafutana na kuulizana habari za ndugu zao, na mimi, nikiwa sina habari, nikatokea katikati yao na utani kuhusu watu wanaochelewa kuamka. Ilikuwa imepangwa siku nne kabla. Ujumbe wa kwanza niliopokea uliuliza, "Ndugu, uko sawa kweli?" Nilitamani ardhi ipasuke.

Tangu hapo napanga kitu kimoja tu: tangazo la makala mpya, na si zaidi ya saa kumi na mbili mbele. Utani nautuma kwa mkono, nikiwa macho. Na habari kubwa ikitokea, jambo la kwanza ninalofanya kabla ya kusema lolote ni kufungua foleni na kuangalia nini kinasubiri humo.

Hiyo ni pamoja na zana zinazoposti zenyewe kila blogu inapopata makala. Nilikuwa na moja iliyofanya kazi miaka minne bila kuguswa. Ikaacha kimyakimya wakati mtandao ulipobadilisha masharti ya kuruhusu programu za nje kuposti bure, na sikujua kwa karibu miezi miwili. Nilidhani wasomaji wamenichoka. Kumbe hawakuwa wameambiwa. Kama una mtambo wa aina hiyo, mara moja kwa juma fungua akaunti yako kama mgeni na uone kama kweli unaongea.

Kuhusu kuposti kwenye akaunti isiyo yako, ile ya kazini badala ya yako binafsi, sitasema mengi. Tumia programu mbili tofauti, au walau rangi mbili tofauti. Yaliyonipata yamekwisha na aliyehusika alinisamehe.

Kitu kinalala wapi

Utaratibu wangu wa sasa ni huu. Kwenye simu nina faili moja la maandishi matupu, lisilo na mbwembwe. Wazo likija linaingia humo kwanza, hata kama ni la mstari mmoja, pamoja na tarehe. Halipelekwi mtandaoni palepale. Likikaa saa mbili na bado nalipenda, nalitoa liende kwenye posti fupi. Pale nasikiliza. Sihesabu laiki, maana laiki ni kutikisa kichwa tu. Natafuta swali. Mtu akiuliza "kivipi?", au akileta mfano wake mwenyewe unaopingana na wangu, hapo najua kuna makala. Posti fupi kwangu imekuwa ile ncha ya kijiko ya kuonjea chumvi, ila chungu kipo kwenye blogu.

Wako wanaofanya kinyume: wanaposti kwanza kwenye blogu yao, hata sentensi mbili, kisha zinasambazwa kwenye mitandao mingine. Watu wa IndieWeb, kundi linalotaka kila mtu amiliki tovuti yake, wanalihimiza hilo kwa miaka mingi, yaani uchapishe kwako na usambaze kwingine. Naliheshimu na ndilo salama zaidi. Kama unatumia WordPress kuna hata programu-jalizi ya ActivityPub inayomwezesha mtu wa Mastodon kuifuata blogu yako moja kwa moja kama anavyofuata akaunti. Mimi nimeshindwa kwa sababu ya hulka: kitu kikiwa kwenye blogu yangu naanza kukivalisha suti. Ninahitaji mahali pa kusemea hovyo kidogo. Ila kila mwisho wa mwezi nakusanya posti zangu kumi au kumi na tano zenye uzito, nazibandika kwenye blogu kama makala moja ya vipande, na makala za aina hiyo, kwa mshangao wangu, zinasomwa na watu wengi kuliko zile nilizozitolea jasho.

Kuhusu uzi, ule mlolongo wa posti zinazofuatana, nina msimamo ambao wengine hawaupendi. Uzi unafaa kwa jambo linalotokea sasa hivi, ambapo kila kipande kina habari yake. Haufai kwa hoja. Niliwahi kuandika uzi wa posti 22 kuhusu jambo nililolichunguza kwa juma zima. Posti ya 9 ilikuwa na mzaha. Mzaha ukachukuliwa peke yake, ukasambaa bila mwanzo wala mwisho wake, na hadi leo kuna watu wanaamini ninashikilia msimamo niliokuwa naukejeli. Ukifika posti ya sita na bado una la kusema, simama. Hiyo ni makala. Nenda kaiandike, rudi na kiungo.

Mambo madogo mawili kabla sijasahau. Ukitumia alama ya reli yenye maneno zaidi ya moja, anza kila neno kwa herufi kubwa: #MakalaZaWiki, si #makalazawiki. Wasioona wanatumia programu zinazowasomea skrini, na herufi kubwa ndizo zinazoiambia programu neno linaishia wapi. Hata sisi wenye macho tumewahi kusoma vibaya. Na ukiweka picha, hasa picha ya maandishi, jaza ile sehemu ya maelezo ya picha. Nilianza kuijaza kwa kujilazimisha. Sasa naiona kama zoezi zuri la uandishi, maana kueleza picha kwa sentensi moja kunakuonyesha kama picha yenyewe ina kazi pale au imekuja kupamba tu.

Kidole

Nimeliacha hili mwisho kwa sababu sijalimaliza mimi mwenyewe.

Lile tendo la kuvuta skrini chini ili kuona kama kuna jipya liliwahi kuwa wazo jipya. Loren Brichter ndiye aliyelileta, kwenye programu iliyoitwa Tweetie, ambayo Twitter waliinunua mwaka 2010. Ni ubunifu mzuri, na kidole changu kimeuzoea kiasi kwamba niliwahi kujikuta navuta skrini ya kikokotoo. Kikokotoo hakina jipya.

Nilijaribu kujiwekea saa. Nilijaribu programu zinazokufungia. Zote nilizizunguka, maana fundi wa kufuli ni mimi na mwizi ni mimi. Kilichosaidia kidogo ni kuitoa programu kwenye simu na kubaki na kivinjari, bila kuhifadhi nenosiri. Kila nikitaka kuingia naandika nenosiri lote, herufi 19, na mara nyingi nikifika herufi ya nane najiuliza nilikuwa nafuata nini. Arifa nimezizima zote isipokuwa za watu wanaonitaja kwa jina. Maneno fulani ya ugomvi wa kila juma nimeyanyamazisha. Akaunti thelathini hivi za wanablogu wenzangu nimeziweka kwenye orodha maalumu, na nikiingia naanzia huko, si kwenye ule ukurasa ambao mtambo unanichagulia nani wa kumkasirikia leo.

Kuhusu mabishano, kanuni yangu ni majibu mawili. La kwanza la kueleza, la pili la kufafanua. La tatu huwa si kwa ajili ya yule mtu, ni kwa ajili ya watazamaji, na watazamaji hawanilipi. Hapo naaga, au nafungua faili la Mbegu na kuandika nilichokuwa nataka kumjibu. Nusu ya makala zangu za mwaka jana ni majibu ya tatu ambayo hayakutumwa.

Bado kuna siku nateleza. Juzi niliingia "kidogo tu" nikatoka baada ya saa moja na nusu, nikiwa nimemjibu mgeni kabisa mara sita kuhusu jambo nisilolijali. Nimelikumbuka kwa sababu lile jibu la nne lilikuwa na sentensi nzuri. Imeingia kwenye faili.

Kati ya zile 41 za mwanzo, 29 zimeshakuwa makala. Ya kuagana kwenye simu ndiyo iliyoniletea barua nyingi kuliko zote. Saba nilipozitazama tena zilikuwa za wakati wake tu, zikafutwa. Nne zinasubiri. Imebaki moja, niliyoiposti saa nane usiku, haina laiki hata moja: "Kumbe kivuli nacho huchoka." Nimeisoma asubuhi, nimeisoma jioni, na sijui hata kidogo nilikuwa namaanisha nini.